Fimbo ya mbali, sumu ya karibu

Jumatatu ya Machi 20, 1995, mnamo saa mbili asubuhi, wafuasi watano wa dhehebu la Aum Shinrikyo walipanda treni za chini ya ardhi jijini Tokyo wakiwa na mifuko ya plastiki iliyoviringishwa kwenye magazeti. Waliiweka sakafuni, wakaitoboa kwa ncha za miavuli, wakashuka. Ndani ya mifuko mlikuwa na sarini, sumu ya kivita inayoshambulia mfumo wa fahamu. Muda mfupi baadaye abiria wakaanza kulalamika kwamba mwanga umefifia. Mwanga ulikuwa uleule, ila mboni za macho yao zilikuwa zimesinyaa zikabaki nukta.

Hospitali ya St. Luke's, iliyo jirani na njia mojawapo ya treni hizo, ilipokea wagonjwa 640 siku hiyo. Kwa jiji zima, zaidi ya watu 5,000 walitafuta tiba. Taarifa ya kwanza ya zimamoto ilitaja kemikali nyingine kabisa, asetonitrili, na polisi hawakutamka sarini hadharani mpaka ilipokaribia saa tano. Kwa bahati njema, Profesa Nobuo Yanagisawa wa Chuo Kikuu cha Shinshu alikuwa anatazama televisheni. Hospitali yake ndiyo iliyowatibu wakazi wa Matsumoto walioshambuliwa kwa sarini Juni 1994, hivyo dalili zilizokuwa zikitangazwa hazikuwa ngeni kwake. Akapiga simu Tokyo kuwaeleza madaktari wenzake wanapambana na nini.

Dawa zilizohitajika zilikuwa mbili, atropini na pralidoksimu. Ya kwanza haikosekani katika hospitali yoyote inayofanya upasuaji. Ya pili ndiyo iliyoleta wasiwasi, na shehena ya nyongeza ikabidi ikusanywe kutoka mikoa mingine na kuletwa kwa treni ya mwendokasi. Lakini kwa nini nchi ambayo haikuwahi kushambuliwa kwa sarini kabla ya mwaka 1994 ilikuwa na pralidoksimu kwenye maghala yake? Kwa sababu ya wakulima. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti humdhuru binadamu kwa njia ileile ya sarini, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi, na hospitali za Japani zilishazoea kutibu watu waliodhurika navyo. Waliofariki katika shambulio lile hawakufika 15. Abiria wa mjini walitibiwa kwa akiba iliyowekwa kwa ajili ya watu wa shamba.

Kisa cha Tokyo husimuliwa kila mara kama habari ya ugaidi. Mimi nakisoma kama habari ya stoo ya dawa.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwenye sumu methali hiyo ina maelezo yake ya kikemia. Mwilini kuna kimeng'enya kiitwacho asetilikolinestirezi, ambacho kazi yake ni kukata ujumbe unaotoka kwenye neva kwenda kwenye misuli na tezi mara unapokuwa umefika. Sarini na oganofosfeti hukikamata kimeng'enya hicho, ujumbe ukaendelea kumiminika kama bomba lisilofungwa. Mgonjwa hutokwa na mate, machozi, kamasi na jasho, hushindwa kuzuia haja, misuli hucheza kisha hulegea, na makohozi hujaa kifuani mpaka pumzi inakatika. Atropini huzuia ujumbe huo usipokelewe kwenye tezi, mapafu na moyo. Pralidoksimu huenda kwenye chanzo, ikaing'oa sumu kutoka kwenye kimeng'enya, lakini ina muda wake. Saa zikipita, sumu na kimeng'enya hugandamana moja kwa moja. Kwa sarini hilo huchukua takriban saa tano. Kwa somani, sumu nyingine ya ukoo huohuo, ni dakika chache tu. Pralidoksimu ikifika baada ya hapo haina cha kung'oa.

Wamarekani walilielewa jambo hili, japo kwa hatua mbili. Mwaka 1999 walianzisha hifadhi ya taifa ya dawa za dharura, kwa ahadi kwamba shehena ya kwanza itafika popote nchini ndani ya saa 12. Muda huo unamfaa mtu aliyevuta vimelea vya kimeta, kwa kuwa ugonjwa huo huchukua siku kadhaa kujitokeza. Kwa mtu anayetapatapa kwenye jukwaa la treni, saa 12 ni za kuandaa mazishi. Ndipo mwaka 2003 ukaanza mpango wa CHEMPACK: makontena yenye atropini, pralidoksimu na dawa za kuzuia degedege yalisambazwa kwenye hospitali na vituo vya huduma za dharura. Yako zaidi ya 1,900 katika maeneo zaidi ya 1,300, na zaidi ya asilimia 90 ya Wamarekani wanaishi umbali usiozidi saa moja kutoka kwenye kontena mojawapo. Mengine yamejazwa chupa za dawa kwa ajili ya wodi, mengine sindano za kujidunga ambazo mhudumu wa gari la wagonjwa anaweza kuzitumia akiwa bado amevaa glavu nzito.

Ni mpango mzuri, na ni mpango wa tajiri. Kila kontena linataka chumba chenye joto la wastani, vifaa vya kufuatilia joto hilo saa zote na mtu wa kuitikia king'ora usiku. Linataka kufuli pia, maana dawa ya degedege iliyomo ni ya kundi linalodhibitiwa kisheria. Halafu kuna tarehe. Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na stoo ya dawa. Tangu mwaka 1986 serikali ya Marekani ina utaratibu wa kupima maabara dawa zake za akiba na kuziongezea muda zikionekana bado nzima, na bila utaratibu huo gharama za CHEMPACK zingepaa. Hata hivyo, siku inafika dawa inatolewa ikiwa haijamgusa mgonjwa. Nchi yenye bajeti kama zetu haiwezi kuuiga mpango huu jinsi ulivyo, na sioni kwa nini ijaribu.

Syria inatufaa zaidi kama darasa. Alfajiri ya Agosti 21, 2013, sarini ilipiga vitongoji vya Ghouta, nje ya Damascus, eneo lililokuwa limezingirwa. Hospitali tatu zilizokuwa zikisaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka ziliripoti kupokea wagonjwa wapatao 3,600 katika muda usiofika saa tatu, na 355 kati yao wakafariki. Shirika hilo lilikuwa limeshapeleka atropini kwenye hospitali hizo kabla ya siku ile, na ndiyo iliyotumika mpaka ikaisha. Kilichokuwa nje ya mzingiro, hata kingekuwa meli nzima ya dawa, hakikumsaidia mtu asubuhi hiyo.

Sasa tuje kwetu. Sitarajii sarini Kariakoo, wala sidhani waziri yeyote wa fedha atatenga pesa kwa ajili ya kitu anachokiona kwenye sinema. Lakini oganofosfeti ziko katika kila duka la pembejeo. Mkulima wa nyanya wa Ilula na wa pamba wa Simiyu hujitwika bomba mgongoni na kupiga dawa huku upepo ukimrudishia usoni. Kinachobaki humiminwa kwenye chupa ya soda na kuwekwa uvunguni, mtoto akaiona. Wengine huinywa kwa makusudi katika siku iliyowashinda. Hawa wote hupelekwa kwenye zahanati au kituo cha afya kwa bodaboda, na wanachokihitaji ni kilekile kilichohitajika Tokyo.

Atropini ipo kwenye hospitali zetu. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ni ya bei nafuu, na viwanda vingi duniani vinaitengeneza. Tatizo ni kiasi, na hapa naomba msomaji anivumilie tufanye hesabu.

Mwongozo unaofuatwa na wataalamu wengi wa sumu unataka mtu mzima aanziwe miligramu moja hadi tatu za atropini kwenye mshipa. Baada ya dakika tano, kifua kikiwa bado kinakoroma, dozi huongezwa maradufu, na tena maradufu, mpaka mapafu yakauke na mapigo ya moyo yapande. Tuchukue kwamba daktari ameanza na miligramu mbili. Zinafuata nne, kisha nane, kisha 16. Katika robo saa mgonjwa aliye mahututi ameshapewa miligramu 30. Ampuli iliyozoeleka ina miligramu moja, kwa hiyo muuguzi ameshavunja shingo za ampuli 30, moja baada ya nyingine, huku mwenzake akinyonya makohozi kwa mashine. Mgonjwa akitulia, anawekewa dripu inayompa kila saa asilimia 10 hadi 20 ya kiasi kilichomtuliza, yaani ampuli tatu hadi sita. Kwa saa 24 hizo ni ampuli 72 hadi 144 nyingine. Mgonjwa mmoja, siku moja, zaidi ya ampuli 100.

Kwenye chumba cha upasuaji, mgonjwa mmoja hutumia ampuli moja au hatumii kabisa. Na hospitali huagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa kwa kufuata maoteo, ambayo nayo hupatikana kwa kuangalia matumizi ya miezi iliyopita. Hospitali ya wilaya ambayo hutumia ampuli chache kwa mwezi itaandika chache, itapewa chache, na kwenye takwimu itaonekana haina upungufu. Siku watu watano wa familia moja watakapoletwa baada ya kula mboga iliyopigwa dawa jana yake, stoo itaisha kabla mgonjwa wa kwanza hajakauka kifua. Mfamasia hatakuwa na kosa. Alifuata fomu. Fomu ndiyo isiyojua kwamba dawa hii hukaa kimya mwezi mzima kisha ikahitajika yote kwa saa moja.

Kuhusu pralidoksimu nina maoni ambayo baadhi ya madaktari hawatayapenda. Dhidi ya sumu za kivita nafasi yake haina ubishi. Dhidi ya viuatilifu ushahidi ni dhaifu: jaribio lililofanyika Sri Lanka na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2009 halikuonyesha kwamba wagonjwa waliopewa dawa hiyo walinusurika zaidi ya wenzao. Kwa nchi inayohesabu shilingi, atropini ya kutosha, oksijeni na mashine ya kunyonya makohozi vitangulie. Pralidoksimu ikae hospitali za kanda.

Kanda ya Ziwa ina sumu nyingine ya kuipangia, nayo ni sayanidi. Dhahabu huchenjuliwa kwa sayanidi ya sodiamu, ambayo hushushwa bandarini na kusafirishwa kwa malori takriban kilomita 1,000 au zaidi kwenda Geita, Kahama na Mara. Migodi mikubwa iliyojiunga na Kanuni ya Kimataifa ya Usimamizi wa Sayanidi, iliyotungwa baada ya maji ya mgodi wa Baia Mare nchini Romania kumwagika Januari 2000, inatakiwa kuwa na dawa ya kuondoa sumu hiyo na watu waliofunzwa kuitumia. Ndani ya uzio, basi, kuna maandalizi. Nje ya uzio kuna malori yanayopita katikati ya miji, na kuna mitambo midogo ya kuchenjua marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya uchenjuaji wa kwanza, ambako wachimbaji wadogo hulowesha mchanga kwenye matangi ya sayanidi jirani na nyumba za watu.

Sayanidi haingoji. Huzuia seli zisitumie oksijeni hata kama damu imejaa oksijeni, na aliyeivuta kwa wingi anaweza kufa kwa dakika. Dawa yake ya kisasa, hidroksokobalamini, ni vitamini B12 kwa dozi kubwa ya gramu tano. Ni salama hata daktari akiwa hajathibitisha sumu, humgeuza mgonjwa na mkojo wake kuwa vyekundu, na bei yake hufika mamia ya dola kwa mtu mmoja. Ya zamani, thiosalfeti ya sodiamu, hufanya kazi polepole zaidi lakini ni rahisi kwa mbali, nayo imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani. Sidhani ni ndoto kutaka kila hospitali ya wilaya iliyo kando ya njia ya malori hayo iwe na thiosalfeti, na kwamba anayeingiza sayanidi nchini achangie gharama yake kama sharti la kibali. Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ofisi yake husimamia kemikali za viwandani na majumbani chini ya sheria ya mwaka 2003 na kuratibu masuala ya matukio ya sumu, anajua ni nani anaagiza, kiasi gani na kinapita wapi. Thiosalfeti hiyo haitakaa bure hata lori likifika salama kila siku. Septemba 2017, wilayani Kasese, Uganda, watu 98 waliugua na wawili wakafa baada ya kula ugali wa unga wa muhogo mchungu ambao haukuondolewa sayanidi yake.

Pombe nayo ina sura yake katika habari hii. Nchini Kenya, watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi Novemba 2000 kwa pombe iliyochanganywa na methanoli, na wengine wakapofuka. Mei 2014 janga likarudi. Watafiti waliofuatilia tukio hilo walihesabu wagonjwa 341 na vifo 100, karibu theluthi. Mwaka mmoja kabla, Libya ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 1,000 wa sumu hiyohiyo, na waliokufa walikuwa kama mmoja kwa kila kumi. Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, ila waliowahi kutambuliwa na kuanzishiwa dawa walikuwa na nafasi kubwa zaidi. Dawa ya bei kubwa inaitwa fomepizoli. Ya bei ndogo ni ethanoli, pombe ya kawaida, inayotolewa na daktari kwa kipimo kupitia mrija au mshipa ili ini lishughulike nayo na kuiacha methanoli itoke, ikibidi kwa msaada wa mashine ya kusafisha damu. Hakuna hospitali Afrika Mashariki inayoweza kudai ethanoli haipatikani mjini kwake. Kinachokosekana ni chupa yenye lebo, kwenye kabati linalojulikana, pamoja na karatasi ya vipimo iliyobandikwa mlangoni.

Nisieleweke kwamba kila sumu ina sindano yake. Klorini ya mitambo ya maji haina. Amonia ya viwanda vya samaki na barafu haina. Gesi iliyoua maelfu Bhopal, India, usiku wa Desemba 2 kuamkia 3, 1984, haikuwa na dawa, na madaktari waligombana kwa miaka kuhusu thiosalfeti kana kwamba ingeweza kuwa muujiza. Kwa sumu hizo akiba ni mitungi ya oksijeni, maji mengi na mkasi wa kukatia nguo. Tokyo ilisahau hilo la nguo: wagonjwa wa St. Luke's waliingizwa ndani na mavazi yao, na wafanyakazi walipoulizwa baadaye, asilimia 23 walisema nao walipata dalili za sumu.

Uingereza imegawa dawa hizi kwa utaratibu ambao hauhitaji utajiri. Kuna zinazotakiwa kuwa ndani ya chumba cha dharura, mkono unapofika. Kuna zinazotakiwa kupatikana hospitalini muda mfupi baadaye. Kuna za nadra ambazo huwekwa vituo vichache na kuazimana. Sisi tayari tuna ngazi zetu, kuanzia zahanati hadi hospitali za kanda kama Bugando na KCMC. Atropini ishuke mpaka kituo cha afya, kwa kiasi cha kumfikisha mgonjwa hospitali ya wilaya akiwa hai. Hospitali ya wilaya iwe na ya siku moja kwa wagonjwa kadhaa. Ya mkoa iwe na ghala la dharura lisiloingizwa kwenye maoteo ya kawaida, na ampuli zinazobakiza miezi michache zihamishiwe hospitali kubwa, ambako upasuaji na wodi za mahututi zitazimaliza kabla hazijaharibika. Kwa namna hiyo akiba inazunguka, na akiba inayozunguka haitupwi.

Tahadhari moja ya sokoni. Kampuni ya Sanofi ilipoacha kutengeneza FAV-Afrique, dawa ya sumu ya nyoka wa Afrika, mwaka 2014, shehena ya mwisho ilimaliza muda wake Juni 2016 na bara zima likabaki linahangaika. Tuweke msingi wa akiba yetu kwenye dawa zenye watengenezaji wengi, na zile za mtengenezaji mmoja ziwe nyongeza.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kusubiri mradi wa wafadhili. Ombi langu ni kwa waganga wafawidhi na wafamasia wa wilaya, hasa wa mikoa ya mazao na ya migodi. Kabla ya kutuma agizo lijalo, ingieni chumba cha dharura, si stoo kuu, mkahesabu ampuli za atropini zilizopo na muangalie ufunguo wa kabati uko kwa nani saa nane za usiku. Zikiwa chini ya 100, hospitali hiyo haijajiandaa hata kwa mgonjwa mmoja.